Uzito Ule Ule, Nguvu Zimekwenda Wapi?

Mwezi wa Rajabu uliopita tulikuwa wageni mjini Isiolo, katika mtaa wa Bulapesa, nyumbani kwa rafiki tuliyesoma naye madrasa tukiwa vijana. Ndani ya nyumba ile yumo mama mzazi wa rafiki yetu, mwanamke wa Kiborana aliyevuka miaka 75. Wajukuu humwita Akko, yaani bibi kwa lugha yao. Sisi tangu zamani twamwita Mama, naye hutuita mwanangu hata baada ya ndevu zetu kuingia mvi.

Jioni ile Mama alitaka kutukirimu maziwa ya ngamia kwa mkono wake mwenyewe. Akavuta dumu dogo, akashika kifuniko, akazungusha. Hakikufunguka. Akajaribu mara ya pili kwa kukifunika na ncha ya mtandio wake, na mara ya tatu akamsogezea mjukuu wa miaka kumi bila ya kusema neno. Ilipoadhiniwa Magharibi, aliswali akiwa juu ya kiti cha plastiki. Huyu ndiye mama tuliyemjua akibeba maji mgongoni, na ambaye miaka michache tu nyuma alikuwa akisimama rakaa zote za tarawehe pamoja na mabinti zake.

Tulipomuuliza hali, alijibu kwa furaha. "Alhamdulillahi, mwanangu, mimi mzima. Kliniki wamesema uzito wangu mzuri." Akaagiza daftari lake la kliniki ya presha liletwe. Ni kweli: miaka miwili nyuma aliandikiwa kilo 66, na mwezi uliopita kilo 66. Wala jicho halikukataa, kwa kuwa uso wake ni wa mviringo na kiuno ni kipana. Mgeni yeyote wa Pwani angemwambia amenawiri.

Ndipo tukaona kwamba jambo hili linafaa kuandikwa, kwa sababu katika nyumba nyingi za wasomaji wetu yumo mama au bibi wa namna hii, na mizani inatudanganya kwa ajili yake.

Mizani haisemi uongo juu ya uzito. Ila haijui kilo inayoipima ni ya nini, kama mizani ya dukani isivyojua tofauti ya kilo ya sukari na kilo ya chumvi. Mwili wa binadamu una mafuta, una misuli, una mifupa na maji. Umri unapokwenda, misuli hupungua na mafuta huchukua nafasi yake, tena mengine hujipenyeza ndani ya msuli wenyewe. Zikiondoka kilo tatu za misuli na zikaingia kilo tatu za mafuta, daftari la kliniki litaandikwa namba ile ile, na muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni atasema uzito ni mzuri. Kibaya zaidi, nguvu hupungua kwa kasi kubwa kuliko wingi wa misuli yenyewe, na miguu ndiyo hutangulia.

Wazee wetu wa madrasa walitufundisha ile aya ya Surat Ar-Rum inayotaja binadamu kuumbwa katika udhaifu, kisha kupewa nguvu, kisha kurudishwa katika udhaifu na mvi. Matabibu nao walichelewa kulipa jambo hili jina. Ni mwaka 1989 ndipo daktari Irwin Rosenberg wa Marekani alipochapisha neno sakopenia, alilolitunga kutokana na Kigiriki, maana yake upungufu wa nyama ya mwili. Katika orodha ya maradhi itumiwayo na madaktari wa Marekani, hali hii ilipata namba yake mwenyewe mwaka 2016 tu. Basi tusiwalaumu sana wauguzi wetu.

Aliyetufungua macho ni mjukuu wa Mama, binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii hapo mtaani. Katika mkoba wake una ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye rangi nyekundu, manjano na kijani. Hakuna mama wa Isiolo asiyeujua. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwaka 2020, utepe huo ndio ulioamua ni mtoto gani apewe chakula cha tiba: mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na kati ya hapo na 12.5 ni manjano.

"Sheikh," akatuambia, "watoto wa mtaa huu nawajua mikono yao mmoja mmoja. Lakini Akko hajapimwa kitu ila uzito na presha. Hata mimi sikuwahi kufikiri."

Akaenda kwa jirani ambaye ni fundi cherehani, akaazima tepu yake. Akamwingiza bibi yake chumba cha ndani, nasi tukabaki sebuleni na rafiki yetu. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu tumesikia akina mama wakisema kwamba hawaendi kupimwa kwa kuona haya. Vipimo tutakavyovieleza havihitaji mwanamume wala kujifunua mbele ya mgeni. Binti, mjukuu au mkaza mwana anatosha, ndani ya mlango uliofungwa. Namba zililetwa nje kwa idhini ya Mama mwenyewe, na kwa idhini yake tunaziandika, jina lake likibaki kwake.

Kipimo cha kwanza kilikuwa shavu la mguu. Mzee huketi, unyayo ukiwa bapa sakafuni na goti likiwa limekunjwa sawasawa. Tepu huzungushwa juu ya ngozi yenyewe pale palipo panene zaidi, iguse bila ya kubana. Shavu la mguu lina mafuta machache na misuli mingi, na ndiyo maana hufaa. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walichapisha vipimo vya wanawake 1,458 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, wakalinganisha tepu hii ya kawaida na mashine kubwa ya hospitali, na wakaona kwamba mguu ulio chini ya sentimita 31 ni dalili ya misuli kupungua. Mguu wa Mama ulikuwa sentimita 29. Hapa pana tahadhari moja: mguu uliovimba kwa maji hudanganya. Ukibonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi na shimo likabaki, namba hiyo usiitegemee, na mpeleke mzee kwa daktari kwa sababu ya uvimbe wenyewe.

Kipimo cha pili kilikuwa kiuno, tepu ikipita juu ya nguo nyepesi: sentimita 98. Kwa mwanamke, hatari ya moyo na kisukari huanza kuhesabiwa kwenye 80 na huzidi kuanzia 88. Basi hapo siri ikafichuka. Mama alikuwa na kiuno cha mtu aliyeshiba na miguu ya mtu aliyeshinda njaa, na mizani ilikuwa imejumlisha vyote viwili ikatoa jawabu zuri.

Wasomaji watatuuliza, je, ile hesabu ya kugawa uzito kwa urefu, ambayo hospitali zote huitumia na kuiita BMI, haikuliona hili? Haikuliona, wala haikutungwa kwa ajili hiyo. Asili yake ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtu wa hisabati na falaki, ambaye katika miaka ya 1830 alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani miongoni mwa umma. Jina la BMI alilipa Ancel Keys wa Marekani mwaka 1972, naye aliitaka kwa kuchunguza makundi ya watu. Kwa mzee ina kasoro mbili. Ya kwanza tumekwisha kuitaja: haitofautishi msuli na mafuta. Ya pili ni kwamba mzee hufupika. Pingili za uti wa mgongo hushuka, mgongo hupinda, na urefu ulio chini ya hesabu hupungua ilhali mwili haukuongezeka.

Mama akisimama leo ana sentimita 156. Kwa kilo 66, hesabu yatoa 27.1, nayo huitwa unene uliozidi. Lakini mifupa ya mkono haifupiki kama mgongo. Binti akapima kutoka kwenye kishimo cha shingo, pale mifupa miwili ya mtulinga inapokutana, hadi kwenye shina la vidole vya kati vya mkono ulionyooshwa pembeni, akapata sentimita 76. Kwa mwanamke, namba hiyo huzidishwa kwa 1.35 kisha hujumlishwa 60.1, kwa mwanamume huzidishwa kwa 1.40 na kujumlishwa 57.8. Ujana wa Mama ukarejea: karibu sentimita 163. Kwa urefu huo hesabu yatoa 24.9, yaani uzito wa kawaida. Mama mmoja, siku moja, kilo zile zile, na makundi mawili mbalimbali! Na yote mawili hayakutaja kwamba hawezi kufungua dumu.

Zipo mashine zinazotazama ndani zaidi. Iliyo maarufu ni DEXA, ambayo hupitisha miali miwili ya eksirei yenye nguvu tofauti, na kwa jinsi mwili unavyoizuia hutenganisha mfupa, mafuta na nyama laini. Mgonjwa hulala dakika chache, na miali yake ni kidogo mno. Mtu wa Bulapesa ataipata katika hospitali chache kubwa za Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 280, na kwa gharama. Watafiti wengine hunywesha watu kipimo cha maji mazito yasiyodhuru, wakangojea saa chache, wakapima mate. Kwa kuwa nyama isiyo na mafuta ina maji takriban asilimia 73, na mafuta karibu hayana maji, hesabu hupatikana. Kuna hata njia ya kumzamisha mtu tangini na kumpima uzito chini ya maji. Hatudhani Mama angekubali.

Zile mizani za kisasa zenye bamba za chuma, ambazo baadhi ya maduka ya dawa na kumbi za mazoezi huzitumia, hupitisha umeme hafifu mwilini na kutoa asilimia ya mafuta na ya misuli kwenye kioo. Namba hizo huvutia, na tumewaona vijana wakizipiga picha. Lakini mashine haipimi mafuta. Hupima jinsi umeme unavyopita katika maji ya mwili, kisha hukisia. Mwenye saumu wakati wa alasiri, mwenye miguu iliyovimba, na anayemeza dawa za kukojoa zinazotolewa kwa presha, wote hawa watapewa namba isiyo yao. Aliyewekewa kifaa cha umeme cha moyo asikanyage kabisa.

Hata hivyo wanachuoni wa fani hii wamegeuza mwelekeo. Kundi la Ulaya linaloshughulikia sakopenia, lililotoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 2010 na kuurekebisha miaka michache baadaye, sasa linaanza na nguvu kabla ya wingi wa nyama. Mzee huulizwa mwili wake unaweza nini kwanza. Kuna chombo cha kukamua kwa kiganja, dainamomita, ambapo mwanamke asiyefika kilo 16 na mwanamume asiyefika kilo 27 huhesabiwa dhaifu. Na kuna kiti. Mzee hukunja mikono kifuani, akasimama na kuketi mara tano bila ya kujishika. Akipita sekunde 15, miguu yake imepungukiwa. Kiti kiegemezwe ukutani na mtu asimame karibu, asije akaanguka.

Binti alihesabu kwa simu yake. Mama alimaliza kwa sekunde 24, na mara ya nne alitia mkono gotini, jambo ambalo kwa masharti ya kipimo ni kushindwa. Kisha akasisitiza kwamba Sheikh naye apimwe. Tulitumia sekunde 12, magoti yakilia, na watoto wakatucheka.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Saskia Pieterse, Mary Manandhar na Suraiya Ismail waliwapima wakimbizi wazee wa Rwanda zaidi ya 800, wenye miaka 50 hadi 92, katika kambi iliyokuwa Karagwe, kaskazini magharibi mwa Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 1998 na 2002. Waliokonda kwa utapiamlo walikuwa na mshiko dhaifu, hata baada ya kuzingatiwa umri, jinsia na urefu wao. Kwa mkimbizi, mshiko ni ndoo ya maji na mpini wa jembe. Karibu zaidi na Isiolo, mwaka 1986 Michael Little na mwenzake walichapisha vipimo vya mshiko na umbo la mwili vya wafugaji wahamaji wa Turkana, watu warefu wasio na mafuta mengi, ambao miili yao haikuwahi kufanana na majedwali ya Ulaya.

Na hili la mwisho ni muhimu. Zile sentimita 31 ni za wanawake wa Ufaransa. Wanawake wa Kiborana, Kisomali na Kirendille wana miguu mirefu na myembamba kwa maumbile, na huenda mguu wa 30 kwa mmoja wao ukawa mguu wake wa siku zote. Rai yetu ni kwamba namba moja ya leo ina faida ndogo. Mlinganishe mzee na nafsi yake: tepu ile ile, mguu ule ule, kiti kile kile, kila baada ya miezi mitatu, na namba ziandikwe nyuma ya daftari la kliniki ili daktari azione. Mguu uliokuwa 32 ukawa 30 ndani ya mwaka unasema zaidi kuliko 29 ya siku moja.

Tulipokaa baada ya Isha, rafiki yetu alituuliza kwa huzuni alikosea wapi. Nyumba yake ina baraka, na mama yake hakupungukiwa na kitu. Tukamwambia tuliyoyaona tangu alasiri. Mama alipotaka kunyanyuka kuchukua kikombe, sauti tatu zilipiga kelele, "Akko, keti!" Alipotaka kwenda kwenye mlango wa uani kuwatazama mbuzi, alitumwa mtoto. Mkaza mwana humletea maji ya udhu alipoketi. Haya yote ni adabu, tena ni adabu ambayo sisi wenyewe tumeihubiri mimbarini. Lakini hatukuwahi kuwaambia watu kwamba msuli usiotumiwa huondoka. Tumewafundisha watoto kuwatumikia wazazi wao, na wao wakaelewa kwamba mzazi asisogee. Lawama hiyo twaichukua pamoja nao.

Chakula nacho kilikuwa vivyo hivyo. Mama alikuwa akipewa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, mkate, wali na viazi, vitu laini, kwa sababu meno yamepungua. Nyama ilikwenda kwa wanaume na watoto. Wataalamu husema mzee ahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani kwa Mama kiasi cha gramu 66 hadi 79. Gilasi ya maziwa ina gramu kama 8, na yai gramu 6. Nyama yaweza kusagwa, maharage na kunde zaweza kupondwa, na huku kwetu Pwani samaki hana haja ya meno. Mwenye maradhi ya figo asibadilishe kitu kabla ya kumuuliza daktari wake.

Na je, umri wa Mama bado wafaa mazoezi? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wazee dhaifu wa miaka 90 hivi, katika makao ya wazee huko Boston. Kwa wiki nane nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Misuli iliongezeka kidogo tu, bali nguvu ziliitika.

Kuhusu kiti cha swala, tuliulizwa na tukajibu. Kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi kwa mwenye kuweza, na asiyeweza ana ruhusa ya kuketi, kama alivyoelekezwa sahaba Imran bin Husain alipokuwa mgonjwa. Hatukumwambia Mama aache kiti chake, wala asithubutu mtu kumwaibisha mzee kwa namba za tepu. Tulichopendekeza ni kwamba kabla ya kila swala asimame na kuketi mara tano, mjukuu akiwa ubavuni, na kwamba mbuzi wa uani akawatazame mwenyewe.

Mwezi wa Shawwal binti alitupigia simu. Alisema Akko alimaliza Ramadhani kwa idhini ya daktari wake, na daku yake haikukosa yai na maziwa. Kilo ni 65. Kiuno kimeshuka sentimita mbili. Mguu ungali 29, haukuongezeka hata uzi. Kiti alikimaliza kwa sekunde 18, bila ya mkono gotini. Tukauliza juu ya swala. Akasema rakaa ya kwanza bibi yake huiswali kwa kusimama, kisha huketi, na kwamba kifuniko cha dumu bado hufunguliwa na mtoto.